UZI: Majukwaa matupu kwenye mechi za vyuo vidogo Marekani. Watu warudi vipi uwanjani?

#1 Mleta mada

Habari za weekendi wadau, hasa ninyi mlioko huku Marekani na mna watoto vyuoni.

Kijana wangu anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, kwenye chuo kimoja kidogo hapa Minnesota. Jina la chuo naliacha. Kiko Divisheni ya III, yaani ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo, ambako hakuna anayelipiwa ada kwa sababu ya mpira. Wanasoma kwa fedha za wazazi, mikopo na misaada ya kawaida, halafu saa kumi na moja alfajiri wako gym wananyanyua vyuma. Kijana yuko safu ya mbele, kundi la wale wenye miili mikubwa wanaomkinga mrusha mpira. Anaweza kumaliza msimu mzima hajaushika mpira wenyewe hata mara moja.

Jumamosi iliyopita, mapumziko yalipoisha, nilisimama nikahesabu watu upande wetu, safu kwa safu. Nikaishia 212. Wengi wao nawajua kwa sura, ni wazazi wenzangu. Timu ina vijana zaidi ya 100, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mabweni yako jirani kabisa, muziki wa wanafunzi tunausikia tukiwa tumekaa jukwaani. Wako macho, hawana darasa, na hawaji. Iliniuma sana siku ile, kwa sababu timu ilikuwa imetoka nyuma kwa tachidauni mbili (kila moja ni kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) na vijana walikuwa wanatazama juu jukwaani kutafuta sauti, hawaioni.

Nimekaa na jambo hili misimu mitatu sasa, niko kwenye kamati ya wazazi, na nataka kulimwaga hapa lote.

Kwanza, mjue kwamba tatizo halitokani na udogo wa chuo. Hapa hapa Minnesota kuna Saint John's, kule Collegeville, chuo cha wavulana kilichoanzishwa na watawa wa Kibenedikto. Uwanja wao, Clemens, umekaa kwenye bonde lililozungukwa na miti, na kwa miaka mingi wamekuwa wakitajwa kileleni mwa Divisheni ya III kwa mahudhurio. Kocha wao John Gagliardi alikaa pale tangu 1953 hadi 2012, akastaafu na ushindi 489, ambao hakuna kocha wa mpira wa vyuo aliyewahi kuufikia. Alikataza wachezaji kumwita "kocha", wamwite John. Mazoezini hakutaka vijana waangushane chini. Na kila aliyetaka kuvaa jezi alivaa, hakukata mtu. Hilo la mwisho nimelifikiria sana. Ukiwa na vijana wengi kiasi kile kwenye orodha, kila mmoja ana mama, shangazi, mwalimu wa zamani na rafiki wa kijijini kwao. Jukwaa linaanza kujazwa siku ya kuandikisha timu.

Mwaka 2017 Saint John's walikutana na watani wao, St. Thomas, kwenye uwanja wa besiboli wa Target Field, Minneapolis. Waliingia watu 37,355. Divisheni ya III hiyo! Miaka miwili baadaye, Ithaca na Cortland, vyuo viwili jirani vya jimbo la New York vinavyogombea mtungi tangu 1959, walihamishia mechi yao MetLife, uwanja wa timu za kulipwa nje kidogo ya jiji la New York. Watu 45,161. Vyuo vyenyewe viko mbali na hapo, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Lakini wahitimu wao wengi wanaishi na kufanya kazi jijini na vitongojini mwake. Mechi ikawafuata waliko.

Sasa sisi hatuna mtungi wala uwanja wa besiboli. Tuna jukwaa la chuma na baridi ya Novemba. Na hapa ndipo nilipoelewa mambo kwa njia nyingine kabisa.

Mechi yangu ya kwanza sikuelewa kitu. Nimekulia Morogoro, mpira kwangu ni wa miguu. Niliona watu wanaanguka, filimbi inalia, wanasimama, wanaongea, wanaanguka tena. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja Mzungu, mhitimu wa zamani, kajifunika blanketi la rangi ya chuo hadi kifuani. Akanitazama kwa muda, akavua glavu, akaniinulia vidole vinne mbele ya uso. "Wana nafasi nne za kusogea yadi kumi." Kila jaribio likiisha alikunja kidole kimoja. Wakifika yadi kumi, anafungua vidole vyote vinne tena na kunitikisia mkono. Hakusema kingine robo nzima, vidole tu. Robo ya pili ilipoanza nilikuwa nakunja vidole vyangu mwenyewe, na tulipobakiwa na kidole kimoja na yadi mbili nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

Mechi iliyofuata nilimletea chai. Chupa ya lita mbili, maziwa na tangawizi, na mandazi kwenye kontena. Akawaita wa safu ya mbele waonje. Leo hii safu ya tano tunakaa watu kama 15, na kati yao wanne hawana mtoto kwenye timu wala chuoni. Wanakuja kwa sababu wasipokuja tunawapigia simu kuwauliza wako wapi.

Hoja yangu ndiyo hiyo wadau. Chuo kidogo hakiwezi kuuza mpira mzuri. Jumamosi hiyo hiyo, kwenye runinga kuna vyuo vikubwa vinavyocheza mbele ya watu 80,000 na zaidi, na mtu anavitazama akiwa kwenye kochi. Anayekuja kwetu anakuja kwa sababu kuna mtu anayemfahamu kwa jina na anayemtarajia. Kila senti na kila saa ya kamati iende huko.

Kwa miaka miwili sisi tulifanya kinyume. Tulichapisha mabango. Tukaweka matangazo mtandaoni yenye picha ya mchezaji kakunja uso na maneno makubwa. Tukagawa tiketi za bure kwa kuzirundika kwenye meza ya bwalo la chakula; Jumatatu nilizikuta pale pale, zimemwagikiwa soda. Msimu huu mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi akasema tuziandike majina. Tukaandika kwa mkono jina la kila mtoto wa madarasa mawili, tukaongeza kwamba atatoka kwenye handaki la kuingilia uwanjani akiwa ameshikana mkono na mchezaji namba fulani. Watoto walikuja karibu wote. Na mtoto wa miaka minane haji peke yake, anakuja na baba, mama, bibi na mdogo wake kwenye kiti cha kusukuma. Wiki iliyofuata baadhi walirudi bila kuitwa, mtoto anauliza namba 62 yuko wapi.

Jambo jingine dogo ambalo lilibadilisha hali: tuliomba wafunge kwa kamba theluthi mbili za jukwaa. Uongozi walishangaa, tunataka watu waongezeke halafu tunafunga viti? Lakini watu 200 waliotawanyika kwenye viti 3,000 wanaonekana kama msiba, na kila mmoja anaona aibu kupiga kelele peke yake. Wakibanwa pamoja wanapashana joto na sauti inatoka. Vijana uwanjani wakasema wameisikia.

Ratiba nayo. Divisheni ya III inacheza mechi 10 za msimu wa kawaida, nyumbani ni kama 5. Jumamosi tano tu kwa mwaka! Lakini mmoja wa uongozi akipanga mechi kubwa mwanzoni mwa Novemba hapa Minnesota, ameipanga siku ya kufunguliwa uwindaji wa paa kwa bunduki. Nusu ya wanaume wa mji wako porini wamevaa rangi ya chungwa. Hili mtu wa mji angewaambia kwa dakika moja, kama wangemuuliza.

Naomba michango yenu. Nani ameona kitu kinachofanya kazi huko aliko?

#2 Mdau wa Ohio

Mkuu heshima kwako, umeandika kwa uchungu na nimekuelewa. Ila mimi naona tunazunguka. Timu ishinde kwanza. Mtu hawezi kuja kutazama timu inayofungwa kila wiki. Huku Ohio kuna Mount Union, mji mdogo wa Alliance, wana ubingwa wa taifa mara 13. Shinda, watu watakuja wenyewe.

#3 Mleta mada

Kaka, ushindi unasaidia, sitabisha. Lakini kwenye ligi ya timu kumi, moja tu inachukua ubingwa. Hizo tisa zifunge milango?

Angalia Wabash na DePauw kule Indiana. Wanakutana tangu 1890, na tangu 1932 wanagombea kengele ya treni yenye uzito wa karibu kilo 136. Kuna miaka timu zote mbili zinafika siku hiyo zikiwa na msimu wa kawaida kabisa, na bado jukwaa linajaa, na wahitimu waliotawanyika miji mingine wanakusanyika kuitazama pamoja kwenye runinga. Wanachokifuata ni kengele, na kujua kwamba mwenzao wa darasa naye yuko mbele ya mechi hiyo hiyo saa ile ile.

Na utani ukivunjika, hasara ni kubwa. St. Thomas niliowataja juu, mwaka 2019 vyuo vingine vya ligi yao viliamua waondoke kwa kuwa wamekuwa wakubwa mno, na 2021 wakapanda moja kwa moja Divisheni ya I. Waliokuwa wakiwafunga wenzao kwa pointi nyingi sasa hawapo, na ile mechi iliyoingiza watu 37,355 nayo haipo. Mimi ningekuwa kiongozi wa ligi yoyote, jambo la kwanza kulilinda ni mechi ya watani, hata kama mmoja anafungwa miaka mitano mfululizo.

#4 Mama wa Atlanta

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nesi hapa Georgia. Binti yangu anapiga trampeti kwenye bendi ya chuo kimoja cha Weusi, Divisheni ya II. Niseme ukweli kutoka moyoni, mimi matokeo ya mechi huwa nayajua kesho yake. Naenda kwa ajili ya bendi.

Huku kwetu wakati wa mapumziko hakuna anayeondoka kwenda kununua soseji. Watu wanakaa, tena wengine ndio kwanza wanaingia. Mkutano wa Grambling na Southern, vyuo viwili vya Weusi vya Louisiana, pale New Orleans, unaochezwa tangu 1974, una usiku wake wa bendi kabla ya mechi, na kuna watu wanaosafiri kwa ajili ya usiku huo.

Sasa nikuulize ndugu yangu wa Minnesota, chuo chenu kina bendi?

#5 Mleta mada

Dada yangu, umenigusa penyewe. Bendi ipo, ina watu 19, na inakaa upande wa mbali karibu na choo kwa sababu walipewa nafasi iliyobaki. Mapumziko wanapiga nyimbo mbili huku spika za uwanja zikipiga muziki mwingine juu yao. Nimeona kijana wa ngoma akiacha kupiga katikati, akaweka fimbo zake chini akisubiri spika zinyamaze.

Niambie, kwenu bendi inaanzaje siku ya mechi? Wanatokea wapi?

#6 Mama wa Atlanta

Wanatokea bwenini wakitembea! Hilo ndilo jambo. Hawapandi basi. Ngoma zinaanza kulia mbele ya bweni la kwanza saa moja na nusu kabla ya mechi, wanapita katikati ya chuo, na kila bweni wanalopita wanafunzi wanashuka wanafuata nyuma. Mtu aliyekuwa amelala anaamshwa na ngoma. Wakifika getini tayari ni umati.

Bendi yenu ya watu 19 inatosha kabisa kuamsha mabweni matatu. Zimeni spika hizo. Na wahamisheni kutoka hapo chooni, wakae katikati ya hao watu wenu mliowabana kwa kamba.

Halafu jambo la mama. Mimi zamu yangu hospitali inaisha saa moja asubuhi. Mechi ikiwa saa saba mchana nalala kidogo naenda. Ikiwa saa kumi na mbili jioni siendi, kwa sababu narudi kazini. Waulizeni wazazi wanafanya kazi gani kabla ya kupanga saa.

#7 Mdau wa Dar

Naomba kuchangia nikiwa hapa Sinza. Mpira wenyewe siujui ila jukwaa nalijua. Ukienda Kinesi wakati wa Ndondo Cup unakuta watu wamekaa hadi juu ya ukuta, na wanaocheza ni vijana wa mtaani, siyo wa Simba wala Yanga. Kwa nini? Yule beki ni kinyozi wangu. Yule kipa anauza chipsi pale kona. Akifungwa nitamtania wiki nzima.

Na hata hao wakubwa, Simba Day na Wiki ya Mwananchi hazikujaza Uwanja wa Mkapa kwa mpira peke yake. Kunakuwa na wasanii, jezi mpya, na msemaji wa klabu anayezungumza kwenye redio kila siku hadi mtu anaona akikosa ataonekana hayupo mjini. Chuo chenu kina msemaji? Mtu mwenye mdomo, anayejua majina ya wachezaji na ya mama zao?

#8 Mleta mada

Mdau wa Dar, hili la msemaji nalichukua leo leo. Tunaye mtangazaji anayesoma namba za jezi kwa karatasi na kukosea majina. Jina la mwanangu alilitamka kwa namna tatu tofauti kwenye mechi moja. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili anafanya redio ya chuo, ana sauti na anawajua wote. Nitampeleka kwa mkurugenzi wa michezo Jumatatu.

Na hilo la kinyozi limenikumbusha Williams, chuo kidogo sana kule Massachusetts kinachocheza na Amherst tangu 1884. Wakishinda mechi ya siku ya wahitimu kurudi chuoni, wachezaji wanatoka uwanjani na jezi zao zenye matope, wanatembea katikati ya Spring Street hadi kwenye kibanda cha kinyozi, na watu wa mji wamejipanga njiani. Gharama yake ni sifuri. Mji unaonekana ni sehemu ya ushindi, na mwenye duka aliyetoka kusimama mlangoni siku hiyo, wiki ijayo ni rahisi kumwambia afunge saa moja mapema aje.

#9 Mdau wa Iowa

Papa, asante sana kwa habari hii. Mimi ni Mukongomani, tuko wengi hapa Iowa, na chuo kidogo kiko dakika kumi kutoka kanisani kwetu. Miaka sita sijaingia pale hata siku moja. Nilidhani ni mahali pa wao, hakuna aliyetukataza na hakuna aliyetuita. Watoto wetu wanacheza mpira wa miguu. Wewe unasema mtu alikuonyesha vidole, sisi nani atatuonyesha?

#10 Mleta mada

Ndugu yangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. "Hakuna aliyetukataza na hakuna aliyetuita." Ningetaka kila mkurugenzi wa michezo aliandike ukutani ofisini kwake.

Fanya hivi. Usisubiri barua. Piga simu ofisi ya michezo ya hicho chuo, waambie wewe ni wa kanisa fulani, mna familia kadhaa, na mngependa kuja pamoja Jumamosi moja. Vyuo hivi ni vidogo, anayepokea simu mara nyingi ndiye mwenye uamuzi. Waombe vitu viwili. Wawape safu moja mkae pamoja, na wawape mchezaji mmoja aliyeumia, ambaye hachezi siku hiyo, akae nanyi awaelezee. Sisi tumelijaribu hilo na kijana aliyevunjika kifundo cha mguu, akakaa na familia tatu za Kisomali ambazo watoto wao wanasoma na wa kwetu. Wazee walikuwa wanaongea naye Kiswahili cha Dadaab kupitia kwangu. Robo ya nne ilipofika hawakunihitaji tena, walikuwa wanamuonyesha vidole yeye.

Chakula msiwaze kuuza, kuuza kunahitaji kibali cha afya na bima na maneno mengi. Leteni chenu cha kugawana kwenye maegesho kabla ya mechi, ila ulizeni kwanza kama jiko la mkaa linaruhusiwa. Kwetu wanaruhusu la gesi tu.

#11 Mdau wa Ohio

Mleta mada, nimerudi. Nimesoma yote na nimelegeza msimamo kidogo. Swali moja: wanafunzi wenyewe? Watoto wa shule, wahitimu, wahamiaji, sawa. Hao wa mabwenini utawatoa vipi?

#12 Mleta mada

Kaka, hapo ndipo penye ugumu na sitakudanganya kwamba tumepaweza. Tulichogundua ni kwamba mwanafunzi anafuata watu wake, na watu wake ni wa kikundi chake. Wachezaji wa voliboli ya wanawake walikuja wote siku moja, kwa sababu timu yetu nzima ilikwenda kwenye mechi yao Jumatano, wakiwa wamevaa jezi, wakaimba seti zote. Hakuna aliyewaomba warudishe. Walirudisha. Sasa vijana wamepanga kwenda kwenye tamasha la kwaya, na kijana wangu mwenye kilo 130 ameniuliza kama suti yake ya mahafali bado inamtosha.

Mechi ya nyumbani inayofuata ni Jumamosi baada ya hii, saa saba mchana. Bendi itatokea bweni la kaskazini saa tano na nusu, nimeshaongea na mwalimu wao. Mdau wa Iowa, kama familia moja inaweza kuendesha gari kuja kuona tunavyofanya, niandikieni inboksi nitawapa ramani. Egesheni nyuma ya maktaba, pale mbele hujazwa na mabasi ya wageni. Njooni na mablanketi mawili kila mtu, moja la kukalia, maana chuma cha jukwaa kinapitisha baridi hadi mfupani. Safu ya tano, mtamwona mzee mwenye blanketi la chuo. Chai nitakuwa nayo.